Sufuria Zinazoshika Sumaku

Jumapili, 1 Juni 2025

Nimempigia mke wangu Ikupa baada ya ibada. Mtandao wa Mbebe ni ule ule — lazima apande juu ya shamba la mahindi ndipo anipate. Upepo unaingia kwenye simu, maneno yake yanafika vipande vipande. Anasema kifua kimetulia. Hajakohoa wiki nzima. Nikafurahi. Halafu nikaumia. Kifua kimepona mahali ambapo mimi sipo.

Nikamuuliza anarudi lini. Akasema yale yale aliyosema siku anaondoka: Baba Enesi, nipe jiko ninaloweza kusimama mbele yake nikapika bila kufa, siku hiyo hiyo nitarudi. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Daktari alishapiga marufuku mkaa. Gesi hataki hata kuisikia, tangu mtungi wa jirani yetu wa zamani ulipounguza mapazia na nyusi za mwenye nyumba. Basi yuko Mbebe kwa kaka yake Yonathani, wifi yake anampikia. Mimi niko Tunduma, karani wa yadi ya malori, nakula kwa mama lishe. Tangu Februari!

Sikujua kwamba mtu anaweza kushikwa na hamu ya harufu ya vitunguu. Nikifungua mlango jioni, nyumba inanuka saruji.

Jumanne, 3 Juni

Nimenunua!

Jiko la sumaku, ndivyo muuzaji anavyoliita. Kwenye boksi limeandikwa indaksheni. Bamba la kioo cheusi, vitufe mbele, basi. Halina moto, halina moshi. Muuzaji alitandika gazeti juu ya kioo, akaweka sufuria juu ya gazeti, maji yakachemka. Gazeti zima! Watu tuliokuwa dukani tulipiga makofi kama tuko kwenye mazingaombwe.

Nyumbani nikaweka sufuria ya chai. Likalia pii, pii, pii, likaandika E0, likazima. Nikaweka nyingine. Pii. Nikaweka ile kubwa ya harusi yetu. Pii! Nikalifunga kwenye boksi, nikalirudisha dukani nikiwa nimenuna.

Kijana wa duka hakuhangaika. Mzee, jiko zima kabisa, ni sufuria zako linazozikataa. Za alumini halizitambui. Linataka chuma, chombo kinachonasa sumaku kwenye kitako, na kitako kiwe bapa. Akanionyesha kwa kisumaku kidogo cha mlango wa kabati.

Kwa nini hakusema mapema? Alisema nilikuwa na haraka. Kweli nilikuwa nayo.

Nimeamua: Ikupa asijue lolote mpaka kila kitu kiwe sawa. Nilimwahidi bomba la moshi, nikaweka, akakohoa. Nilimwahidi dirisha la jikoni, nikatoboa ukuta, akakohoa. Ahadi ya tatu ataiona kwa macho kabla ya kuisikia.

Jumatano, 4 Juni

Nimefungua spika mbovu ya redio, nikatoa sumaku yake. Nzito, inavuta hata msumari uliolala mbali. Nimeifunga kwenye leso isikwaruze vyombo.

Jikoni kuna giza, kwa hiyo nilitoa vyombo vyote nje uani, kwenye jua. Nikavipindua chini juu, kimoja kimoja. Kila kitako kina alama ya Ikupa, herufi mbili za rangi nyekundu ya kucha. Wanawake wote wa hapa huweka alama, la sivyo vyombo vikienda msibani havirudi. Nilikaa na sufuria ya maharage mapajani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Herufi zimefifia kwa moto lakini zinasomeka.

Rundo la vinavyoshika: kikaango kimoja na mfuniko usio na sufuria yake. Rundo la visivyoshika: vyote vilivyobaki.

Tabita, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akianika nguo. Akasimama na beseni kiunoni. Baba Enesi, vyombo vya mwenzio vimekukosea nini mpaka umevitoa nje? Nikasema navipanga. Akasema, haya, panga. Huyu mama ana ulimi mwepesi, ila moyo wake hauna neno. Mumewe anaendesha lori la Lubumbashi, kuchekesha watu ndiyo kazi yake ya kupitisha siku.

Jumamosi, 7 Juni

Sokoni na sumaku.

Kuna stenlesi na stenlesi. Zote zinang'aa, zote muuzaji anaapa. Ukigusisha sumaku, moja inanasa, ya pili inadondosha sumaku kama haijuani nayo. Nyingine inanasa ubavuni lakini kitako hakinasi. Nyingine inanasa vizuri sana, lakini kitako kimebonyea, ukiiweka mezani inacheza kama kibao cha kupimia mizigo. Nyembamba mno pia sitaki. Ikupa huwa anapika kwa ajili ya mtu ambaye hajafika bado. Siku zote kuna sahani moja ya ziada. Kwa hiyo lazima iwe kubwa, nzito, bapa, inase sumaku.

Wauzaji wamenifaidi leo! Mmoja aliita wenzake: njooni mwone mzee anayepima sufuria kama zina malaria! Mama mmoja mnene kwenye kiti cha plastiki akasema, mwanaume akinunua sufuria mwenyewe, ujue ndani kuna bibi harusi anasubiri. Nikajibu, ndiyo, yupo. Wakapiga vigelegele.

Nilisema kwa utani. Nilikuwa namaanisha Ikupa. Njiani nikawa natabasamu peke yangu.

Sikununua.

Jumatatu, 9 Juni

Nyumba ni ndogo. Jiko nimeliweka juu ya meza mpya ya mbao, na meza imekula nafasi ya vyombo. Nimetia visivyoshika kwenye gunia, nikamwomba Tabita aniwekee kwenye stoo yake. Alilitazama gunia, akanitazama mimi. Vyote? Vyote. Mama Enesi anajua? Nikasema atajua akija.

Akasema "mh." Tabita kusema mh tu! Nilidhani anaumwa.

Jioni nimepaka chokaa ukuta wa jikoni. Weusi wa moshi unakataa, unatokea tena kwa chini kama doa la chai. Nitarudia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeomba ruhusa yadi, nikavuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia. Dereva mmoja wa Kitwe aliniambia upande wa pili kuna vyombo vizito kutoka kusini.

Kweli vipo. Mama muuza vyombo, mwanamke mpole mwenye sauti ya kanisani, alinionyesha chungu cha chuma cheusi. Sumaku ilinasa mpaka ilibidi niing'oe kwa mikono miwili! Moyo ukaruka. Halafu nikakiinua. Kina miguu mitatu. Cha kupikia juu ya mafiga. Nikasema mama, miguu hii haifai, jiko langu ni la kioo. Akacheka mpaka akashika nguzo. Awe, ba mudala — hapana, mzee! Poto bila miguu itasimamaje kwenye moto? Nikamwambia hakuna moto. Akaacha kucheka. Alinionea huruma, nadhani alidhani nimechanganyikiwa.

Lakini ndiye aliyeipata. Chini ya meza, ndani ya karatasi: sufuria ya chuma iliyopakwa rangi, nje bluu, ndani nyeupe, masikio mawili mapana, mfuniko wake. Kitako bapa. Sumaku ikanasa — tap! Nilipenda mlio ule. Na nyingine ndogo yake ya stenlesi, ya mboga, imebandikwa bamba la chuma chini.

Akaniuliza ni za nani. Nikasema za mke wangu. Akasema, mwambie asisugue kwa mchanga, rangi itabanduka. Nikasema nitamwambia. Nilirudi mpakani nimezikumbatia. Mwambie. Neno zuri hilo, la mtu ambaye mkewe yuko nyumbani.

Jumapili, 15 Juni

Jiko limekubali! Hakuna pii. Limenguruma kidogo kama nyuki ndani ya boksi, kisha maji yakaanza kutoa vitone. Nimepika chai, wali, maharage, mayai. Wali umeshika chini kwa sababu nilidhani moto wa katikati ni wa chini kumbe siyo. Nimeandika kila chakula na namba yake ya moto, nikabandika karatasi ukutani ili asihangaike.

Nimesimama katikati ya chumba cha jiko nikavuta pumzi ndefu kwa niaba yake. Hewa safi. Harufu ya vitunguu tu!

Nikapiga simu saa ya kawaida. Inaita, haipokelewi. Labda mtandao mbaya. Nikapiga tena jioni. Inaita. Kama inaita basi mtandao upo.

Leo ndiyo nilipanga kumwambia njoo.

Jumanne, 17 Juni

Hapokei. Meseji nimetuma, hakuna jibu. Umeme umekatika tangu asubuhi, jiko limekaa kama kioo cha kujitazama. Nimejitazama. Nimezeeka upande mmoja.

Nimekula kwa mama lishe.

Ijumaa, 20 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilipotoka kazini nilimkuta Yonathani amekaa kibarazani. Ana gari la abiria, Noah, njia ya Mpemba hadi Isongole, huwa anakuja mjini lakini si kukaa. Nikasema, mulamu, karibu ndani, mbona umekaa nje kama mgeni? Hakuinuka. Nikaleta soda. Hakuifungua. Hapo nikajua. Shemeji asiyefungua soda amekuja na neno.

Akasema: dada ameniagiza nije nichukue vyombo vyake.

Nikasema vyombo gani?

Akasema: mulamu, tusizungushane. Umevitoa nje, watu wote wa uani wameona. Umenunua vipya, soko zima linajua, na ulisema mwenyewe kwa mdomo wako kuna bibi harusi. Na vya dada yangu umempa mwanamke mwingine. Ruti, yule anayeshusha maparachichi hapa sokoni, aliingia kwa Tabita kunywa maji, akaona sufuria zimepangwa dirishani. Aligeuza moja. Ina alama ya dada. Ruti ni wa Mbebe. Unafikiri angenyamaza?

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka kabisa, kwa sauti. Yonathani akasimama. Ndipo nikaona kwamba hapa hakuna cha kuchekesha. Mwanaume akitaka kumfukuza mke bila kusema, hufanya nini? Humtolea vyombo nje. Kila mtu anajua. Hata mimi najua! Na mimi nimevitoa mchana kweupe, nikavipindua chini juu, nikavitia kwenye gunia, nikampa jirani. Nilikuwa nafikiria vitako.

Nikamvuta jikoni. Nikawasha jiko, nikaweka maji, nikaeleza: alumini halioni, chuma linaona, moshi hakuna. Alitazama maji yakichemka. Akaweka kiganja kwenye kioo pembeni, akakitoa. Akasoma karatasi ya ukutani. Nilidhani amenielewa.

Akasema: maneno haya ni mazuri, ila mimi sikutumwa maneno. Nimetumwa vyombo.

Nikasema sitoi. Akasema, kwa hiyo ni kweli. Nikasema, vyombo ni vya Ikupa, atavichukua kwa mkono wake mwenyewe, mimi simkabidhi mtu mwingine vyombo vya mke wangu. Akasema, mbona ulimkabidhi Tabita?

Ameondoka. Soda iko pale pale.

Jumamosi, 21 Juni

Nimekwenda kwa Tabita kuchukua gunia. Alipojua habari alikaa chini kwenye ngazi. Mimi? Mimi na wewe? Akaanza kucheka, kisha akaanza kulia, kisha akanigombeza vibaya sana. Baba Enesi, una shule yote hiyo kichwani, hujui hata jambo ambalo mtoto wa kike wa darasa la tatu analijua! Sufuria zile nilizitoa kwenye gunia zisifanye kutu. Nikamwambia alumini haifanyi kutu. Akanitupia mwiko.

Nilistahili.

Alisema atampigia Ikupa mwenyewe. Nikamsihi asimpigie. Alipiga. Haikupokelewa. Nyumba mbili sasa zinapiga simu moja ya Mbebe.

Nimerudisha vyombo vyote jikoni. Havina pa kukaa, nimevipanga sakafuni kando ya ukuta. Jiko jipya juu, vyombo vyake chini. Nalala, naamka, naviona kupitia mlango. Afadhali hivi kuliko gunia.

Nimekumbuka alivyokuwa akigonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria akimaliza kupika. Mara mbili. Hapo ndipo mimi nilikuwa nainuka kunawa mikono. Hakuwa ananiita. Nilikuwa naitika tu.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika saa hii mchana, nyumbani. Kazini nimeaga kwamba naumwa.

Muda mfupi uliopita Noah ilisimama barabarani, ikashuka kanga ya kijani. Alikuja yeye! Amenenepa kidogo. Anatembea bila kusimama njiani kuvuta hewa. Nilikuwa mlangoni. Akasema habari za hapa. Nikasema nzuri, karibu. Nikajisikia vibaya — mtu anamkaribishaje mwenye nyumba?

Kaka yake alibaki kwenye gari. Alisema kwa dirisha: dada, pakia twende, nina abiria wa kurudi nao.

Ikupa aliingia moja kwa moja jikoni. Aliona vyombo vyake sakafuni. Alivihesabu kwa macho, nilimwona. Kisha akaona ukuta mweupe. Akaona kioo. Nikaanza kueleza, akanyanyua mkono: nimeshaelezwa na Yonathani, na jana Tabita alinipata, amenieleza mpaka simu ikazima. Sasa ninyamazie nione.

Nikasogea pembeni.

Akachukua sufuria ya bluu, akaigeuza. Kitako kitupu. Hii ya nani? Haina alama.

Sikuwa nimefikiria hilo. Nimepima kila kitu katika sufuria hiyo, unene, ubapa, mnaso, lakini alama sikuweka. Nikasema ni yako. Akasema, sufuria isiyo na alama ni ya yeyote atakayeikuta. Akaiweka juu ya jiko.

Akasoma karatasi ya ukutani, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Chai. Wali. Maharage. Mayai. Kidole kikafika mwisho, kikarudi juu, kikashuka tena.

Ugali uko wapi?

Nikatazama karatasi kama vile ungeweza kuwa nyuma yake. Ugali! Sijawahi kusonga ugali maishani mwangu. Nilikula kwa mama lishe, nikaja nyumbani kupima wali.

Yaani Baba Enesi, umejaribu vyote, umeacha chakula! Sura yake ilikuwa kali lakini shavu moja lilikuwa linajizuia.

Akafunga kanga kiunoni. Nionyeshe pa kubonyeza. Nikamwonyesha. Maji yakachemka, hakuamini, akainama kutazama chini ya sufuria kutafuta moto. Akatia unga. Akaanza kusonga — na sufuria ikazunguka! Kioo kinateleza, sufuria inaufuata mwiko, inakwenda mduara mzima, masikio yanamgonga vidole. Akasukuma, ikakimbilia ukingoni, jiko likalia pii, likazima. Nikahisi miezi yote imezimika pale.

Yonathani akapiga honi.

Ikupa alisimama na mwiko juu. Nilidhani atauweka chini. Akasema: unatazama nini? Shika!

Nikashika masikio kwa tambara. Nikawasha tena. Akasonga. Nilikaza mikono, mvuke unaniunguza viwiko, sikuachia. Kichwa chake kiko hapa chini ya kidevu changu. Ugali ukazidi kuwa mzito, akaongeza nguvu, nikaongeza nguvu. Alikuwa anahema kwa kazi. Nilisikiliza kila pumzi. Hakukohoa. Hakukohoa hata pale unga ulipopeperuka.

Jiko gani hili linalotaka watu wawili, alisema. Hakuniambia mimi, aliiambia sufuria.

Sikuthubutu kuuliza kama analalamika.

Honi ya pili. Akapaza sauti, nakuja! Akafunika ugali uive kwa mvuke. Kisha akanigeukia: toka basi, Baba Enesi, umeziba mlango, sioni.

Nimetoka. Niko mezani, nimechukua kalamu. Begi lake limening'inia kwenye mgongo wa kiti, hajalishusha chini wala hajalifungua. Yonathani ameshuka kwenye gari sasa, anaongea na abiria wake, nasikia mmoja anauliza tunamsubiri nani. Ikupa hajaniambia kama anabaki. Sijui kama anaonja tu ili amalize ubishi, au vipi. Siulizi.

Honi tena, ndefu.

Ananiuliza kutoka jikoni, chumvi nimeiweka wapi.

Ugali hautiwi chumvi. Mboga ndiyo hutiwa.